Maneno Aliyosemewa Ilyas

Kaka yangu Abdul-Aziz alikuwa haamini salamu. Ukimwambia fulani anakusalimia, anakuuliza, "Anasalimia namna gani? Ametaja jina langu, au weye ndio umenikumbuka ulipofika mlangoni?" Na mara nyingi alinikamata, maana sisi watu wa Buyenzi, pale Bujumbura, ndivyo tulivyolelewa. Ukitoka kwa mtu kwenda kwa mwingine hufiki mikono mitupu, unabeba salamu. Kama hukupewa, unazitia mwenyewe: anakusalimia sana, anauliza hali ya mguu, amesema atakuja Mungu akipenda. Huyo unayemsemea huenda ulimwacha amelala, au amenuna, au hata hana habari kwamba una mguu. Hakuna anayeita jambo hili uongo. Mama yetu alilifanya, bibi yetu alilifanya, na hapa Brussels tumeendelea nalo kama tulivyoendelea na pilau.

Basi kwa miaka mitano nilimbebea Abdul-Aziz salamu za mwanawe Ilyas ambazo Ilyas hakuzituma, nikambebea Ilyas salamu za baba yake ambazo baba yake hakuzituma. Naona nilifanya vizuri, na sitaki mtu aniambie vingine.

Waligombana siku ya Idd, mwaka 2009, sebuleni kwa kaka, ghorofa ya nne kule Evere. Wageni walikuwa wamejaa mpaka kwenye korido. Kaka alikuwa mjane, amestaafu kazi ya usafi wa maofisini, na jambo alilojivunia kuliko yote ni kwamba alimpatia Ilyas kazi ya kupakia mizigo kiwanja cha ndege. Alikuwa amemwomba mtu, na kaka hakuwa mtu wa kuomba. Sasa mgeni mmoja akamuuliza Ilyas habari za kazi, na yule kijana, badala ya kusema Alhamdulillahi akala sambusa yake, akajibu kwamba ameacha tangu mwezi uliopita, na kwamba anataka kwenda Uingereza kusoma. Kaka akasimama. Akamwambia mbele ya watu wote atoke, asirudi mpaka ajue maana ya kuwa mtoto wa mtu. Ilyas akaweka ufunguo wa nyumba mezani, kati ya sahani za biskuti, akatoka. Alikwenda Leicester kwa mdogo wetu Radjabu, ambaye alikuwa amehamia huko kitambo na binti yake Tasnim.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kwa upande wa kaka, baba hampigii simu mtoto aliyemfukuza. Mtoto ndiye anayerudi, tena akiwa na mtu mzima mbele yake wa kumwombea. Kwa upande wa Ilyas, mtu aliyefukuzwa mbele ya watu hajirudishi, anaitwa. Kila mmoja alikaa akimngoja mwenzake, na mimi katikati kama mchukuzi wa soko. Ilyas akaoa huko, mke mzuri wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Gujarat, asiyejua neno la Kiswahili. Mwaka 2014 mwanzoni wakapata mtoto wa kiume. Nilimwambia kaka kwamba Ilyas amesema, mwambie baba amepata mjukuu. Ilyas hakusema hivyo. Radjabu ndiye aliyenipigia.

Kaka akasema, "Bon. Na amesema jina langu?"

Masika ya mwaka huohuo daktari wa moyo alimwita, mimi nikafuatana naye. Moyo ulikuwa umechoka. Haukuwa wa kupasuliwa, ulikuwa wa kutunzwa kwa vidonge mpaka utakapokataa. Tulirudi kwa basi. Tulipofika nyumbani akaketi bila kuvua koti.

"Naïma," akasema, "sasa nataka kujua. Si mambo ya salamu. Nataka kujua kama yule mutoto bado ananihesabu. Kama ananihesabu, nitameza aibu yangu, nitamwita mwenyewe. Kama hanihesabu, nijue, nikae. Na si weye utakayeniletea jibu. Weye unatia sukari."

"Nani basi?"

"Tasnim."

Nilicheka. Tasnim alikuwa na miaka kumi na minane, mdomo wake hauna breki, anakula chakula huku anasoma simu. Lakini kaka alikuwa amefikiri. Alisema mtoto aliyelelewa na Waingereza hajui mambo yetu ya kupakapaka. Wale watu, alisema, jambo wanalisema lilivyo, donc huyo atamletea neno kavu. Kaka hakuwa na Mwingereza hata mmoja aliyemjua. Alikuwa amewaona kwenye televisheni.

Akampigia kwa simu yangu. Nilisikia kila neno. "Mwanangu, nenda kwa Ilyas. Muulize hivi: baba yako anauliza kama bado ana nafasi kwako. Halafu usinipigie simu. Ukija kututembelea uniambie hapa, mbele yangu, kama alivyokuwa." Alisema hivyo, kama alivyokuwa, nami nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi mpaka limechakaa.

Tasnim alikuja mwezi wa nane. Kaka alivaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Nikaleta chai. Hakumpa hata nafasi ya kunywa.

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda, Baba Mkubwa."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Nikamwambia, Baba Mkubwa anauliza kama bado ana nafasi kwako. Akasema..." Hapo Tasnim akasimama. Akalegeza mabega, akapinda mdomo, akawa Ilyas mtupu, mpaka lile shingo la kuinamia upande. "'Ananitaka nini huyu mzee? Miaka yote hii! Kwangu mimi alishakufa zamani. Aniache na maisha yangu.'"

Akakaa. Akachukua biskuti.

Kikombe cha kaka kilikuwa njiani kwenda mdomoni, akakirudisha. "Alisema hivyo? Nilishakufa?"

"Yaani, alikuwa hivyo tu, Baba Mkubwa. Pole."

"Usiseme pole. Ahsante. Weye ndio mtu wa kweli katika nyumba hii."

Mimi nilikuwa nimekufa ganzi na birika mkononi. Nilimjua Ilyas tangu hajaota meno, na neno lile halikufanana naye, lakini ningesema nini? Mtoto amesimama mbele yetu, ametoka huko, amesikia. Na mimi ni yule wa sukari.

Wiki haikwisha, kaka akamwita jirani yetu Constant akampa kitanda cha Ilyas. Kilikuwa kimekaa chumba cha nyuma miaka yote ile, kimetandikwa shuka. Nilisimama kwenye ngazi nikaangalia kinateremshwa. Baada ya hapo kaka akaacha kwenda msikitini, akasema ngazi zinamchosha. Lifti ilikuwa nzima. Akaanza kulala mchana. Vidonge alivinywa nikimsimamia, nisipomsimamia navikuta kwenye sahani. Nilimchukia Ilyas siku zile, nasema wazi. Nilimchukia kwa nguvu zote nilizokuwa nikimpenda.

Kabla Tasnim hajaondoka nilimpeleka Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kusuka, saluni ya Alphonsine, mama wa Lubumbashi ambaye amenishika kichwa tangu nilipofika Ubelgiji. Tulishukia kituo cha Porte de Namur, Tasnim akaingia duka moja la nguo kutazama soksi, mimi nikamngoja nje kwa sababu miguu ilikuwa inauma. Akatoka amekunja uso. Sikumuuliza.

"Maman Naïma, ikala pale!" Alphonsine akatupokea, akinionyesha kiti. "Eh, na huyu mutoto mukubwa hivi, njo wa Radjabu? Dis donc! Wanakulishaka nini kule Angleterre?"

Binti yake Océane, anayesoma Kiingereza chuoni, alikuwa anamsaidia kuchambua nywele. Akafurahi kupata mtu wa kuzungumza naye. Wakaanza. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini mambo ya duka niliyaelewa, kwa kuwa Tasnim haelezi kwa mdomo tu, anaeleza kwa mwili mzima. Alikuwa anamsimulia Océane habari za yule mwanamke wa kaunta. Akakaza shingo, akashusha macho, akapaza sauti ya puani: mwanamke amesema nani kamruhusu huyu kuingia, amesema angalia viatu vyake, amesema ukigusa hiyo namwita mlinzi. Na Tasnim naye akamjibu, mama wee, nataka soksi tu, kaa na duka lako. Océane akacheka mpaka kitana kikaanguka.

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango uleule. Nikamwambia, "Kwa nini hukuniita? Mwanamke anakutukana namna ile, mimi niko hapohapo!"

"Mwanamke gani, Shangazi?"

"Huyo wa dukani!"

"Hakunitukana." Alinishangaa kweli. "Hakusema kitu. Alinitazama tu."

"Na hayo maneno yote?"

"Si maneno yake. Ni vile alivyokuwa. Uso wake. Mimi nami sikumjibu, nilirudisha soksi nikatoka."

"Lakini umesema amesema."

"Ndivyo tunavyosimulia."

"Nyinyi nani?"

Akafikiri, mkono wa Alphonsine umemshika kichwa asiweze kugeuka. "Sisi. Wa rika langu. Wasichana zaidi, lakini na wavulana pia. Kwa mwalimu sisemi hivyo. Nikiwa kazini, mkubwa akiniuliza mteja kasema nini, sisemi hivyo, namwambia yaliyosemwa. Jirani yetu, bibi mmoja Mwingereza, hasemi hivyo kabisa. Akikwambia daktari kasema, basi daktari kasema. Na Baba hapendi, ananiambia niongee kama mtu aliyesoma. Lakini sisi kwa sisi kila mtu anajua. Unamwigiza mtu alivyokuwa moyoni. Hakuna anayedhani kasema kweli."

Océane akaongeza kwamba ni kweli, hata mwalimu wao wa chuo aliwaeleza: kijana na mzee, mwanamke na mwanamume, mtu na rafiki yake, mtu na bosi wake, kila mmoja ana namna yake ya kubeba maneno ya mwenzake.

"Ah non!" Alphonsine akasema. "Kwetu ukisema muntu alisema, njo alisema! Batu banashitakianaka ku tribunal juu ya maneno kama ile!"

Wakacheka wote watatu. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

"Tasnim. Ilyas alisema nini?"

"Lini?"

"Ulipomuuliza. Kwa mdomo wake."

Nikaona anaelewa. Rangi ilimtoka usoni polepole, na bado sikumhurumia.

"Alikuwa anaosha vyombo," akasema. "Nikamuuliza. Akasema, sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa tu. Basi. Akaendelea kuosha. Vyombo vilikuwa vimekwisha, Shangazi, akaanza tena sahani zilezile. Hakugeuka. Nikangoja, nikaona hageuki, nikaondoka. Nilidhani amekasirika. Mgongo wake ulikuwa umekaa hivyo."

"Hakusema baba yake amekufa?"

"Hapana."

"Hakusema aachwe na maisha yake?"

"Hapana, Shangazi. Alisema sawa."

Nilitaka kumzaba kibao, Mungu anisamehe. Mtu mzima ametoa roho yake mkononi amemkabidhi mtoto avuke nayo bahari, mtoto ameirudisha na tamthilia ya mgongo. Nikamwambia, "Baba yako mkubwa ni shoga yako? Ni mwanafunzi mwenzako?" Akaanza kulia. Nikamvuta kutoka kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama, Alphonsine anapiga kelele nyuma yetu kwamba mutoto hawezi kutembea hivyo. Tulipanda basi hivyohivyo, watu wanatutazama, na njia nzima nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Nilidhani tumepona.

Kaka alikuwa kitandani. Akaketi alipotuona, akakitazama kichwa cha Tasnim. Tasnim akapiga magoti, akamweleza yote, pole kwa pole, kwamba Ilyas hakusema yale, kwamba yeye ndiye aliyeyaweka, kwamba kwao ni namna ya kusimulia.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hakusema nilishakufa."

"Hakusema, Baba Mkubwa."

"Alisema nini?"

"Alisema, sawa."

Jamani, na ukweli nao ulikuwa mwembamba kiasi gani. Nani anavuka bahari kuleta neno sawa? Kaka akaligeuza neno lile kichwani, nikamwona analigeuza, na halikuwa na kitu ndani cha kushika. Kisha akanigeukia mimi.

"Mumetoka wapi?"

"Matonge."

"Voilà. Mutoto amefika hapa na neno kali, akiwa peke yake, hakuna aliyemshika mkono. Sasa amekaa na weye nusu siku Matonge, amerudi na neno laini. Naïma, mimi ni mtu mzima."

"Kaka, naapa..."

"Usiape. Umeshaapa sana kwa ajili yangu." Akamshika Tasnim bega, kwa upole ambao sikuwa nimeuona tangu kitanda kile kiteremshwe. "Usilie, mwanangu. Si kosa lako. Huyu shangazi yako ndivyo alivyo, anataka kila mtu alale usingizi. Lakini la kwanza ulilosema lilikuwa la kweli. Nilimuona mwanangu palepale umesimama. Lile shingo ni lake."

Tasnim akaapa naye. Kadiri alivyolia ndivyo kaka alivyozidi kumbembeleza, na ndivyo alivyozidi kuamini kwamba nimemfundisha. Tulitoka chumbani mle kama tulivyoingia. Tasnim alikuwa anaondoka, na mtu pekee aliyebaki wa kuusema ukweli alikuwa mimi, na neno langu mimi kaka alikuwa ameliweka kwenye fungu la salamu.

Tasnim alirudi kwao. Aliniomba nisimwambie Ilyas kilichotokea, nikakubali, maana ningemwambia vipi? Kwamba baba yake anaumwa moyo, na juu ya moyo amewekewa maneno yake ambayo hakuyasema? Nilichofanya ni kile ambacho mama yetu angefanya. Nilimpigia Ilyas nikamwambia, "Baba yako anakuita. Njoo na mkeo na mtoto."

Akauliza kwa sauti ya chini, "Kweli, Shangazi? Amesema yeye?"

"Amesema yeye."

Nilimsikia anavuta pumzi. Akasema atakuja likizo ya mwezi wa kumi. Niliona wakikutana uso kwa uso mambo yatajimaliza yenyewe. Baba akimwona mwanawe na mtoto mkononi, atakumbuka nani kasema nini? Nilipanga kumwambia kaka siku hiyohiyo, saa moja kabla, ili asipate muda wa kukasirika.

Jumamosi ya kufika kwao nilikuwa jikoni kwa kaka nakaanga sambusa, bado sijamwambia. Treni yao ilikuwa ya mchana. Ilyas hakunipigia kutoka stesheni kama tulivyokubaliana. Nadhani alitaka kumshtua baba yake kwa furaha. Kengele ya mlango wa chini ikalia, mafuta yakawa yanapiga kelele, na kaka, ambaye siku zile hata maji hakujichotea, akainuka akaenda kwenye parlophone, ile simu ya mlango, pale ukutani.

"Nani?"

Nilisikia ile sauti ya bati. "Baba, ni mimi. Ilyas."

Niliacha mwiko kwenye mafuta. Nilipofika kwenye korido kaka alikuwa amekishika kile chombo kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kulia. Naapa kwamba alikuwa anataka kulia. Kama angenyamaza kidogo tu pale, kama angekosa pumzi, mambo yangekuwa mengine.

"Umekuja kunizika?" akasema. "Si nilishakufa? Maiti hafungui mlango."

Akakitundika chombo ukutani. Nikakimbilia kitufe cha kufungulia, akasimama mbele yake. Kaka yangu, ambaye ngazi zilikuwa zinamchosha, alinizuia kwa kifua chake.

Niliteremka ghorofa nne na kandambili. Ilyas alikuwa bado amesimama mbele ya zile kengele, amenenepa kidogo, ameota ndevu, mkewe nyuma yake na kigari cha mtoto. Nilimkumbatia, naye hakunikumbatia.

"Kasema maiti hafungui mlango," akaniambia.

"Hakusema yeye. Ni maneno aliyoambiwa. Ilyas, nisikilize, Tasnim alipokuja..."

"Shangazi, nimemsikia kwa masikio yangu. Hakuna aliyeniletea." Akaniangalia. "Aliniita, au hakuniita?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitafuta salamu nikakosa.

"Aliniita, Shangazi?"

"Hakukuita. Lakini alitaka kukuita. Namjua. Nilikwambia kilichokuwa moyoni mwake."

Akatikisa kichwa polepole. "Mnanisemea wote," akasema. "Wewe unamsemea yeye, Tasnim ananisemea mimi. Mimi nilisema sawa kwa sababu koo lilikuwa limeziba. Nisingeweza kusema zaidi ya hapo. Sasa na hiyo sawa imetiwa nini?" Nilipoanza kumweleza akaniwekea mkono. Hakutaka tena.

Mkewe akamuuliza kwa Kiingereza, baba amesema nini. Ilyas akainama kwenye kigari akamfunika mtoto miguu, kwa muda mrefu, kama vile blanketi lile halikukaa sawa. Upepo ulikuwa unavuma kati ya majengo. Mtoto akapiga chafya.

Ilyas akasema bila kuinua kichwa, "Mwambie kitu kimoja. Mwambie mtoto akipiga chafya anafumba jicho moja tu. La kushoto. Kama yeye. Kila akipiga chafya huwa namuona baba, na ndio maana nilikuja. Mwambie hivyo, usiongeze."

Wakaondoka kuelekea kituo cha tramu. Nilisimama mpaka wakakata kona.

Nilipopanda, moshi ulikuwa umejaa jikoni na sambusa zimekuwa makaa. Kaka alikuwa dirishani. Alikuwa amewaona, kigari na wote. Nikamwambia neno kwa neno, na sikuongeza: mtoto akipiga chafya anafumba jicho la kushoto, kama wewe, na kila akipiga chafya Ilyas anakuona, na ndio maana alikuja.

Kaka hakugeuka. "Hiyo ni nzuri," akasema. "Ulikuwa unaitunga wakati unapanda ngazi?"

"Kaka, hayo kayasema yeye! Mimi ningejuaje mtoto anapiga chafya vipi?"

"Umesimama naye pale chini. Umemwona mtoto anapiga chafya, ukatia yako. Naïma, nakujua tangu tunakula sahani moja."

Nilipiga kelele siku ile. Nilimwita majina ambayo mdogo hamwiti mkubwa wake. Nikampigia Ilyas nikamsihi azungumze mwenyewe, nikamwekea kaka simu sikioni kwa nguvu, lakini Ilyas alisikia pumzi za baba yake tu akakata. Siku nyingine nilimwambia kwamba hali ni mbaya, aje, naye akaniuliza kwa adabu, "Kasema yeye, au ni wewe?" Nikamjibu ni mimi. Akasema ahsante, Shangazi. Tangu kale Ilyas ni mtoto mwenye adabu.

Mwezi wa tatu, mwaka 2015, walimlaza kaka hospitalini. Miguu ilikuwa imejaa maji na mdomo umekuwa wa buluu. Radjabu alikuwa njiani na Tasnim. Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda, mchana, jua kidogo limeingia, muuguzi ametoka kubadilisha dripu. Nilidhani amelala.

"Naïma," akaniita. "Nidanganye tena ile ya chafya."

Nikamwambia. Nilimwambia kama Ilyas alivyoisema, jicho la kushoto, sikuongeza hata salamu. Alisikiliza amegeuza uso ukutani, na nilipomaliza akasema, "Tena." Nikamwambia tena. Nikamshika mkono.

"Unajua kutunga, weye," akasema.

Alifariki jioni ileile, akiamini ni ya kwangu.